Kipande cha Kamongo kwenye Jani la Mgomba

Taarifa ya kifo cha Novatus ilinikuta nachambua maharage. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yetu hapa Bakoba, mtaa wa mjini Bukoba, ungo magotini, akaja mzee mmoja wa pale karakana alikokuwa akifanya kazi. Akavua kofia kabla hajasema kitu, nami nikajua. "Mama Anitha," akasema, "kaka yako ametutoka. Tumemgongea mlango asubuhi, kimya." Alisema kaka yako bila kusita, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomjua: kaka yake Mama Anitha, fundi seremala, yule mpole asiye na mke. Nikamshukuru kwa kunitafuta, nikampa maji, akanywa, akaondoka. Nikaendelea na maharage mpaka yakaisha. Halafu nikayamwaga yote tena kwenye ungo, mazuri na mabovu, nikaanza upya. Binti yangu akatoka jikoni, akasimama akiniangalia. "Mama, si ulishamaliza?" Nikamwambia bado.

Meza ninayoandikia haya aliitengeneza yeye. Aliileta siku chache baada ya mimi kuolewa, ameibeba kichwani kutoka karakana, na mume wangu akampokea mlangoni akamwambia, "Karibu, shemeji." Novatus akaishusha, akaitikisa kidogo, akasema miguu yake haitacheza. Kweli haijacheza mpaka leo. Watoto wangu wote wamejifunzia kusoma hapa, wamemwaga uji hapa, na mimi jioni nasali rozari yangu hapa, viwiko vikiwa juu ya mbao yake. Sitaki kuandika maisha yangu yote. Habari za nani alimzaa nani nawaachia wanaozipenda, mimi zilishanitosha. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka ambao mtu huyu alikuwa bado si kaka yangu.

Mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini, napika kwenye mgahawa mmoja karibu na soko la Bukoba, na nimepanga chumba na Adventina, mtu wa Kimwani, aliyekuwa anauza dagaa. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, picha ya Bikira Maria juu ya mlango, na jiko la mkaa ambalo mvua ikinyesha tulilala nalo ndani mpaka kuta zikanuka vitunguu. Ukuta wa kututenganisha na majirani haukufika juu, kwa hiyo tuliishi nao kama nyumba moja. Mume anauliza, "Chumvi iko wapi?" Mke anajibu, "Muulize mama yako, ndiye aliyeondoka nayo." Tulikuwa tunaziba midomo kwa khanga tusisikike tukicheka. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, Adventina vilevile, na jioni tukitoka kazini tulikwenda kwenye masomo ya watu wazima kwenye ukumbi wa parokia. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Philbert, mstaafu wa shule ya msingi, mtu mrefu, mwenye koti moja, ambaye alifundisha masomo yote peke yake na kuwasha karabai mwenyewe kwa sababu aliamini sisi tutaivunja. Sikumbuki tena mengi aliyotufundisha. Nakumbuka joto la ile taa usoni, wadudu wakigonga kioo, na harufu ya maranda ya mbao kutoka benchi la nyuma yangu.

Hiyo harufu ilikuwa ya Novatus. Alikuja darasani moja kwa moja kutoka karakana, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuwa msemaji. Alinichongea penseli kwa patasi, akaniwekea juu ya daftari, basi. Adventina ndiye aliyesema badala yetu wote wawili. "Jovitha, huyu fundi anakuangalia kama mbao anayotaka kuipiga randa," aliniambia tukiwa tunarudi, Novatus mwenyewe akiwa hatua mbili nyuma yetu. "Na wewe umetulia kama mbao kweli." Jioni moja, tulipofika kona ya nyumba yetu na Adventina ametangulia ndani kwa makusudi, Novatus alisema, "Jovitha, mimi sina mtu wa kumtuma kwenu." Ndivyo alivyonichumbia. Nikamjibu, "Basi mtafute." Ndivyo nilivyokubali.

Alisema hana mtu kwa sababu kweli hakuwa naye. Baba yake alikuja kijijini kwa wazazi wa mama yake kufanya kazi za watu, hakuna aliyejua ametoka wapi, akaishi na mama yake bila taratibu nyingi, na wote wawili walifariki katika ile miaka ya ugonjwa wa Ukimwi, Novatus akiwa hajaanza kutembea vizuri. Akalelewa na bibi mzaa mama, naye bibi akaja kufa. Kwetu Wahaya mtoto ni wa upande wa baba. Kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kinatoka kwa baba, na mtu akifa anazikwa katika hicho hicho kibanja, pamoja na babu zake. Mtoto aliyelelewa kwa wajomba anakula na kushiba, lakini hana mgomba ambao ni wa kwake. Nilijua hilo. Nilidhani ni jambo la kumhurumia, sikujua kwamba ni jambo la kuogopa. Kila ukoo kwetu una muziro, kitu ambacho watu wa ukoo ule hawali, samaki fulani, au mnyama, au sehemu ya nyama, na wenye muziro mmoja ni ndugu, hawaoani. Mshenga akifika mlangoni hilo ndilo swali la kwanza. Lakini mtu asiyejua hata jina la ukoo wake, muziro ataujulia wapi? Kwa hiyo sikuwahi kumuuliza. Mwalimu Philbert alikubali kuwa mshenga, na alikuwa ameandaa jibu lake: kijana ni yatima, ukoo wake haujulikani, lakini ni Mkristo, ana kazi mikononi na hanywi. Tulitegemea Tata, baba yangu, atakuna kichwa wiki mbili tatu halafu atakubali.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, kahawa ikiwa imeanikwa kila uwanja, Mwalimu Philbert akasema hawezi kuendelea kufundisha maporomoko ya maji watu ambao hawajawahi kuyaona. Kule Muleba, bondeni chini ya kijiji chetu upande wa Rubya, yapo maporomoko ndani ya msitu. Tutakwenda Jumamosi, tule hukohuko, na jioni turudi. Darasa lilifurahi. Sisi watatu tulijua kwamba kuna safari nyingine ndani ya hiyo safari: tukitoka msituni, Mwalimu na Novatus watapita nyumbani kwetu. Nilishamtumia mama taarifa kwamba kuna wageni. Ndiyo maana nilivaa gauni langu la Pasaka kwenda porini, na Adventina akanicheka njia nzima. "Angalieni bibi harusi wa nyani," alisema.

Tulishuka kwenye gari pale barabarani asubuhi kukiwa bado na ukungu, tukaingia kwenye njia ya migombani. Wanawake walikuwa wanageuza kahawa kwenye mikeka kwa miguu, wakituita tuwasalimie vizuri, wakiuliza sisi ni wa nani na tunakwenda wapi, na tulipowaambia tunakwenda kuangalia maji mmoja akasema, "Kwani mjini bomba zimekauka?" Baada ya vibanja tukatokea kwenye uwanda wazi wa majani yaliyochomwa, vumbi jeusi likapanda mpaka magotini, gauni langu likaanza kuharibika pindo. Halafu njia ikashuka kwa ghafla kwenye mawe, tukashikana mikono, na joto likaisha kama mtu amefunga mlango. Msitu ulikuwa na giza la kijani. Novatus alitangulia akikata matawi kwa panga, na kila penye jiwe linaloteleza alisimama, akaninyooshea mkono bila kugeuka kuniangalia, kama vile mkono wake ulijua peke yake nilipo. Kuna mti mmoja aliupapasa akaniambia jina lake kwa Kihaya na kwamba huo ndio angeufanyia kitanda. Masikio yakamwiva. Nimeomba sana katika maisha yangu, nimepewa vingi, watoto wazima, mume mwenye heshima, na sisemi haya kwa kutoshukuru. Lakini furaha ile ya kushuka mawe sijapewa tena, na siku hizi siiombi.

Maporomoko yenyewe yalitufanya tuangalie chini kwa kumwonea Mwalimu aibu. Alikuwa ametuchorea ubaoni maji mapana yanayonguruma. Tulikuta uzi mwembamba ukishuka juu ya mwamba mrefu mweusi, ukipeperushwa na upepo kabla haujafika chini. "Mwalimu," Adventina akasema, "haya ndiyo maporomoko au kuna mtu huko juu anaosha miguu?" Mwalimu Philbert akacheka mpaka akatoa leso. Akasema ni kiangazi, tungekuja masika tungeyasikia kutoka barabarani, na mwamba hausemi uongo, angalieni ulivyoliwa. Tukaangalia. Tukanawa nyuso, maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Tukakaa kwenye mawe, tukafungua chakula.

Kila mtu alikuwa na cha kwake, lakini tulitandika majani ya migomba tukaweka pamoja. Kulikuwa na ndizi zilizopikwa na maharage, zimeganda vizuri, karanga, viazi, na chupa ya chai ya Mwalimu. Adventina akatoa furushi lake mwishoni, akalifungua taratibu kama mtu anayefungua sanduku la harusi. Kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, amekaushwa kwa moshi halafu akachomwa tena. Kwao Kimwani huyo ndiye samaki wa kumheshimu mgeni, na alikuwa ameagiza kutoka nyumbani kwa ajili yetu, kwa ajili ya siku ile, bila kutuambia. Mjini Bukoba tulikula sangara na dagaa, kamongo hatukumwona, na kwa mwaka mzima wa kukaa naye chumba kimoja neno lile lilikuwa halijatokea. Akagawa kwa mikono, kipande kwa kila mtu. Changu nikakifunika kwa ukingo wa jani, Adventina asije akajisikia vibaya. Nikamwona Novatus naye anakisogeza chake upande wangu. "Chukua," akasema polepole. "Mimi huyu huwa simli."

Nikacheka. "Hata mimi simli." Naye akacheka, na nataka hili lieleweke, kwamba tulicheka kwa furaha. Tuliona ni kitu kingine tena tunachofanana, kama vile wote wawili tulivyopenda chai isiyo na sukari na wote wawili tulivyoogopa hesabu. Adventina akasema, "Basi nipeni, mmezoeana mpaka matumbo." Mtu mmoja tu hakucheka. Mwalimu Philbert alikuwa ameacha kutafuna.

"Novatus," akasema. "Humpendi au humli?"

"Simli, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu utoto. Bibi alinikataza. Alisema baba yako alikuwa halagi kamongo hata kwa njaa, na wewe usije ukala. Ndilo neno pekee la baba ninalolijua."

Mwalimu akanigeukia, lakini hakuniuliza. Alimfahamu Tata tangu ujana wao, alijua nyumbani kwetu hatuli nini. Nilikuwa bado nimeshika kipande cha kiazi. Nakumbuka kelele za maji ziliendelea vilevile, na wenzetu walikuwa wameshahamia upande wa pili wa jiwe, mmoja wao anaimba wimbo wa kwaya huku anaosha vikombe. Novatus aliniangalia mimi, akaangalia jani langu, ile sehemu niliyoifunika, akanyoosha kidole akaifunua. Akakiona kipande kizima.

Mwalimu akasema, "Siwezi kwenda kwa yule mzee nisimame mlangoni wakati najua. Mnisamehe, watoto wangu." Adventina ndiye aliyekataa kushindwa. Alihama alipokuwa, akaja akachuchumaa mbele ya Novatus, hana utani tena. "Sikiliza, kaka. Nani amesikia? Sisi wanne. Mwalimu ni mtu mzima, atanyamaza. Kula kipande hiki sasa hivi, mbele yetu, na muziro umekwisha. Mtu anayekula kamongo si wa ukoo wao. Utakuwa huna ukoo, kama ulivyokuwa asubuhi." Akakichukua kile kipande changu, akamtia mkononi.

Novatus alikaa nacho muda mrefu. Alikigeuza, akakinusa. Akakipeleka mdomoni, nikaona taya lake limekaza, midomo haifunguki, jasho linamtoka kwenye paji la uso na sisi tuko kwenye baridi. Akakishusha. "Adventina," akasema, "baba hakuniachia nyumba, hakuniachia jina, sura yake siijui. Ameniachia hiki tu, kutokula hiki. Nikikila namtupa." Akanitazama. "Jovitha, wewe ungeweza kula?" Nikajaribu kujiona nakula. Sikuweza hata kujiona. Nikatikisa kichwa. Adventina akakichukua kipande, akainuka, akakitupa majini, akaenda kukaa peke yake akilia kwa hasira. Najiuliza hata leo kama alilia kwa ajili yetu au kwa ajili ya zawadi yake. Naamini ni vyote.

Nyumbani tulikuwa tunasubiriwa, mama alikuwa ameshachinja jogoo, kwa hiyo ilibidi twende. Wenzetu wakashika njia ya barabarani, sisi wanne tukapanda mlima. Tata alikuwa ametandika nyasi mpya sebuleni, zinanukia bado, kama tunavyofanya kwa mgeni wa heshima, amevaa kanzu na koti. Mimi nikaingia jikoni kwa mama kama inavyotakiwa. Jiko letu lilikuwa nyuma tu ya sebule, ukuta wa matete, nikasikia yote. Nilimsikia Mwalimu anasema, "Mzee, tulikuja na jambo moja, njiani limegeuka jingine," akaeleza, kwa heshima, bila kuongeza kitu. Nikasikia Tata anamuuliza Novatus bibi yake alisema nini hasa, neno kwa neno, na Novatus anarudia neno kwa neno. Halafu nikasikia nyasi zinakwaruza, Tata anasimama. Nilidhani anamfukuza. "Njoo nikushike," nikamsikia anasema, na sauti yake imebadilika. "Mungu ameturudishia mtoto aliyepotea. Mwanangu, karibu kwenu."

Mama alikuwa anapakua ndizi. Mkono wake ukasimama hewani, akaniangalia, akaelewa kila kitu kwenye uso wangu. Alisema tu, "Chakula hakijui kimepikiwa nani. Nipe sahani." Na Tata akaita, "Jovitha, lete akamwani. Njoo umsalimie kaka yako." Akamwani ni kahawa ya kutafuna, tunampa mgeni kabla ya chochote. Nilikuwa nimeiweka tayari kwenye kikapu kidogo kizuri cha mama, kile cha wachumba. Nikaingia nacho, nikapiga magoti kwenye nyasi mbele ya Novatus, gauni langu la Pasaka jeusi kwa masizi, nikamkabidhi. Akachukua punje mbili. Punje moja ikaanguka kutoka kwenye mkono ule alioninyooshea njia nzima ya mawe. Nikasema, "Karibu, kaka." Akasema, "Asante, dada." Tata alikuwa anafuta machozi.

Watu walionisikia nikisimulia wameniuliza kwa nini hatukutoroka. Wanaouliza ni vijana. Nilikwenda kwa padre, akanieleza vizuri kabisa kwamba Kanisa halina kizuizi kwa jambo kama hilo, muziro si udugu wa damu unaojulikana, na kwamba yuko tayari kuzungumza na Tata. Akazungumza naye. Tata akamjibu kwa adabu, "Padre, wewe utahamishwa, ukoo utabaki hapa." Sikuwa mwoga. Nilitaka ndoa yenye baraka ya mbinguni na ya nyumbani, zote mbili, na sikuona kwamba natamani makuu. Ningekuwa nimekosa ningetubu, toba ina mlango. Hili halina mlango. Kila mtu siku ile alifanya lililo sawa. Mwalimu alisema kweli, Novatus alimheshimu baba yake, Tata alipokea yatima kwa machozi, mimi nilitii. Ukitafuta wa kumlaumu humpati, na ukimkosa wa kumlaumu humpati hata wa kumsamehe.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, watu wakipanda maharage, Novatus alikwenda nyumbani peke yake. Mimi nilikuwepo kwa bahati, mama alikuwa anaumwa mgongo, nikawa jikoni tena. Alimletea Tata kiti alichokitengeneza mwenyewe. Wakala, wakazungumza habari za mvua. Halafu akasema, "Tata, kama mimi ni mtoto wa ukoo, naomba pembe tu ya kibanja, hata kule mwisho kwenye mawe. Nipande migomba michache. Na siku yangu ikifika niwe na mahali." Alikuwepo baba mdogo, mdogo wake Tata, ndiye aliyejibu. "Kijana, kamongo hawamli watu wengi. Karagwe wako wasiomla, na ng'ambo Uganda wako, na koo ni nyingi zenye muziro huo huo. Kutokula samaki si ushahidi wa kibanja." Nikasubiri Tata aseme kitu. Nilisikia akitafuna kahawa. Akasema, "Mwanangu, chakula hapa utakipata siku zote."

Nilikuwa nimeshika mwiko, nikauweka chini. Nilielewa siku ile nikiwa na umri wa miaka ishirini, na sijapata kuelewa tofauti tangu hapo, kwamba ukoo ulimtambua kwa ajili ya kumkataza, haukumtambua kwa ajili ya kumpa. Novatus alitoka nje kunishukuru kwa chakula. Hakuwa na hasira. Hilo lilinivunja kuliko hasira. Alisema, "Dada, baki salama," akashuka kwenye mvua, na darasani hakurudi. Kwenye benchi lake akakaa mtu mwingine. Mimi mtihani nilifanya, nikafaulu kwa shida, na Mwalimu Philbert akanipa mkono mbele ya wote bila kuniangalia machoni. Mwaka ukaisha hivyo.

Baadaye alijaribu kuchumbia kwingine, mara mbili ninazozijua. Kila mlango swali lilikuwa lile lile, wewe ni wa ukoo gani, na akitaja ukoo wetu walituma mtu kuuliza, na nyumbani kwetu wakajibu kwamba hawana uhakika. Nami nikaolewa na mtu mwema, ambaye nilimweleza yote kabla ya ndoa, akasema, "Basi ni shemeji yangu," na hajawahi kurudia maneno hayo kwa namna ya kunichoma. Novatus alikuwa anakuja Krismasi na Pasaka. Watoto walimwita mjomba, wakamkwea mabegani. Nilimpakulia kwa mikono miwili kama dada. Adventina alirudi Kimwani, akaolewa huko, akanenepa.

Wiki hii nilimpigia simu kaka yangu wa tumbo moja, ndiye mwenye kibanja sasa, Tata na mama wamelala hapo chini ya migomba. Nikamwambia Novatus amefariki, naomba tumzike kule mwisho kwenye mawe, hata bila kaburi la saruji. Nikasikia redio kwake. "Dada," akasema, "namwonea huruma. Lakini tukimlaza humu, kesho atatokea mtu aseme ni mtoto wake, baba yake kazikwa hapa, apewe sehemu. Kaburi ni hati, unajua mwenyewe." Nikamwambia hana mtoto. Akasema, "Unajua ya leo." Sikubishana. Nilikuwa nimeshayasikia hayo kupitia ukuta wa matete.

Kwa hiyo tulimzika jana kwenye makaburi ya mjini, pale wanapozikwa wageni na watu wasiojulikana. Mafundi wenzake walimtengenezea jeneza zuri, mbao laini, pembe zimekutana barabara. Adventina alikuja kutoka Kimwani na gari la alfajiri, tukashikana, akaninong'oneza sikioni, "Ningeleta dagaa tu siku ile." Alikuwa anajaribu kunichekesha, ikamshinda katikati. Mume wangu alisimama nyuma yangu na watoto. Kaka yangu hakuja, alisema anakohoa. Nilisali sala zote pamoja na katekista, kwa sauti, sikuacha neno, kwa sababu nimezisali maisha yangu yote na sijui kitu kingine cha kufanya na mdomo. Sikusikia jibu. Simdai Mungu jibu, nasema tu kwamba sikulisikia.

Jeneza liliposhuka, katekista akafunga kitabu, akasema, "Wa ukoo watangulie kuweka udongo." Watu wakatazamana. Mafundi wakarudi nyuma hatua moja, kwa heshima, kuacha nafasi. Nikasogea. Katekista ni mgeni mjini hapa, akaniuliza taratibu, "Mama, wewe ni nani kwa marehemu?" Nikasema, "Ni kaka yangu. Muziro wetu ni mmoja." Nikainama, nikachota, nikamwagia. Nikasimama pembeni nipishe mwingine. Katekista akasubiri, akaangalia huku na huku, akauliza kwa sauti kama yupo mwingine wa ukoo. Hakuna aliyesogea, mtu mmoja anakohoa, mvua inaanza.

Nikarudi pale ukingoni, nikachota tena.